Sufuria Iliyoepuliwa

Ndugu msomaji, makala hii naiandika nikiwa na hasira, na ni afadhali nikuambie mapema. Nimefundisha walimu kwa zaidi ya miaka thelathini, nimekuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na katika miaka yote hiyo niliwakataza wanafunzi wangu kuandika wakiwa na hasira. Leo navunja amri yangu mwenyewe, kwa sababu yako maneno mawili yaliyonichosha katika nchi hii, nami sitaki kwenda nayo kaburini bila kuyasemea. La kwanza ni "sistimu imekula". La pili ni "linashughulikiwa".

Nianze na kisa chenyewe. Mwaka 2019 sisi wastaafu wachache tuliopata kuwa wakufunzi katika chuo kimoja tulikusanya kumbukumbu za zamani za chuo: rejesta za wanafunzi, matokeo ya mitihani, barua za kupangiwa vituo vya kazi. Mchwa walikwisha kula sehemu, na mvua ikala sehemu nyingine. Tukachangishana fedha, tukazipiga picha kurasa zote, moja baada ya nyingine, tukaziweka katika diski moja ya kompyuta. Kazi hiyo ilituchukua miezi saba. Rejesta zenyewe baada ya hapo hazikufaa kitu. Nyingi zilimeguka mikononi mwetu kama mikate mikavu. Diski ile ikabaki ndiyo chuo.

Lakini diski haikuwa yetu. Tuliiazima, na mwenyewe aliitaka irudi ikiwa tupu. Basi tukaipeleka katika ofisi moja ya ghorofani huku Posta, si mbali na Sanamu ya Askari, ambayo sitaitaja jina, ili kurasa zetu zinakiliwe katika kompyuta yao kubwa. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu zake. Alinipa shikamoo, akanipa kiti, akaniita mzee. Alifungua kile kioo cheusi chenye maandishi matupu, akaandika amri ya kunakili, na kazi ikaanza. Akaniambia, "Mzee, hii itachukua saa nyingi."

Haikupita nusu saa mkubwa wake akamwita: kuna barua inatakiwa haraka. Kijana akabonyeza Ctrl pamoja na Z. Kwenye kioo likatokea neno moja la Kiingereza, "Stopped". Yeye akaendelea na barua yake. Nikamwuliza, "Mwanangu, na kazi yetu je?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Ipo nyuma, mzee, inaendelea." Nikaamini. Ilipofika saa kumi jioni alirudi kwenye kile kioo, akaona kimya, akadhani imekwisha. Akaandika exit ili kufunga. Mashine ikamjibu kwa mstari mmoja wa Kiingereza. Hakuusoma, akaandika exit mara ya pili, na kioo kikafungwa. Kesho yake asubuhi diski ya kuazima ikasafishwa na kurudishwa kwa mwenyewe.

Kazi yetu ilikuwa imefika katika rejesta za mwaka 1979, ikasimama hapo.

Mwaka 2022 alikuja kwangu mwalimu mmoja wa kike, mwanafunzi wangu wa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alikuwa amestaafu, na katika kukokotoa haki zake miaka yake ya mwanzo kazini ilikuwa haionekani. Alihitaji karatasi moja tu ya kuonyesha alihitimu lini na alipangiwa kituo gani. Alisafiri kutoka Kilosa mara tatu. Mara ya kwanza ofisi ile ya Posta ilimwambia sistimu imekula. Mara ya pili ikamwambia suala lake linashughulikiwa. Mara ya tatu hakukuwa na wa kumwambia lolote, kwa kuwa kijana alikwisha hamia kwingine. Alipata haki yake baada ya miezi kumi na minne, kwa viapo vya wazee watatu tuliomkumbuka, mimi nikiwa mmojawapo. Kama sisi watatu tungetangulia, angezikwa na madai yake.

Sasa, sistimu ilikula nini? Haikula kitu. Hilo ndilo nililoligundua nilipoamua kujifunza mwenyewe, nikiwa na umri wa miaka 70 kamili. Nilinunua kompyuta kuukuu Kariakoo, mjukuu wangu akaniwekea Linux, ambayo haina ada, na kila jioni baada ya swala na chakula tulikaa mezani, yeye mwalimu na mimi mwanafunzi. Na siku aliponionyesha maana ya Ctrl na Z nilinyamaza muda mrefu, hata akaniuliza, "Babu, unaumwa?" Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimeona, miaka mitatu baadaye, kile nilichokitazama kwa macho yangu pale ghorofani bila kukiona.

Ngoja nikueleze, na usiogope. Sitatumia neno ambalo mama ntilie hawezi kulielewa. Tena nitamtumia mama ntilie mwenyewe.

Nyuma ya majengo makubwa ya Posta, mahali ambapo wenye tai hawapendi kuonekana wakila ingawa kila siku wanakula, yupo mama mmoja mwenye majiko matatu. Ukimtazama saa nne asubuhi utamkuta anakaanga chapati. Hiyo ndiyo kazi iliyo mbele yake: macho yake yako hapo, mkono wake uko hapo, na ukimwuliza jambo atakuambia subiri. Nyuma yake, katika jiko la pili, maharage yanachemka. Hayatazami, lakini moto upo na maharage yanaiva. Hiyo ni kazi ya nyuma. Na pembeni, chini, ipo sufuria ya mchele aliyoiepua kabla haujaiva, kwa sababu alihitaji jiko. Imefunikwa vizuri, mvuke unatoka kidogo, na mgeni akiiona atadhani chakula kinapikwa. Hakipikwi. Ukikaa pale mpaka magharibi, mchele ule hautaiva, kwa kuwa sufuria haiko motoni.

Basi kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Iko programu inayopokea amri zako kwa maandishi na kuzitekeleza. Wenyewe huiita sheli. Ukiandika amri, kazi inaanza na kukaa mbele: kibodi ni yake, kioo ni chake, nawe unangoja mpaka imalize. Ukitia alama ya & mwishoni mwa amri, kazi inakwenda nyuma tangu mwanzo; inaendelea na shughuli zake, na sheli inakurudia papo hapo kungoja amri nyingine. Lakini ikiwa kazi ilikwisha anza mbele, nawe ukabonyeza Ctrl na Z, hukuipeleka nyuma. Umeiepua. Haikufa, wala haiendelei. Imesimama pale pale ilipofikia, na itasimama hivyo mpaka umwambie mpishi airudishe motoni. Ukiandika bg, inarudi motoni katika jiko la nyuma. Ukiandika fg, inarudi katika jiko la mbele. Ukiandika jobs, unahesabiwa sufuria zako zote: ipi inachemka, ipi imeepuliwa, na kila moja ina namba yake. Na ukiandika kill pamoja na alama ya asilimia na namba hiyo, umeimwaga.

Hayo ndiyo yote. Mjukuu wangu alinifundisha kwa jioni moja. Yule kijana wa Posta alihitaji kuandika herufi mbili tu baada ya kubonyeza Ctrl na Z, yaani b na g, na rejesta za miaka ya 1980 zingekuwapo leo. Angeandika jobs kabla ya kuondoka, angeona neno lile lile likimkodolea macho. Na hata bila hivyo, mashine ilimwonya! Ule mstari wa Kiingereza alioupita bila kuusoma ulisema kwamba kuna kazi zilizosimamishwa. Ndivyo sheli ilivyotengenezwa: ukitaka kuondoka na huku umeepua sufuria, inakukataza mara ya kwanza. Ukisisitiza mara ya pili, inakuheshimu wewe mwenye amri, na sufuria zilizoepuliwa zinamwagwa. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba sistimu imekula. Sistimu ilipiga hodi, ikasimama mlangoni, ikasema, "Bwana, umesahau kitu." Aliyekula ni mtu.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa hesabu mstaafu, aliposikia hoja hii alinipinga. Alisema kosa kubwa si la Ctrl na Z. Kosa kubwa ni kufuta diski bila kwanza kuhakikisha kwamba nakala imekamilika. Nakubali, tena nakubali bila kinyongo, na sehemu ya kosa hilo ni yetu sisi tulioazima diski na kukubali masharti ya kuirudisha tupu. Lakini jiulize: kwa nini kijana hakuhakikisha? Kwa sababu aliamini kazi imekwisha. Na kwa nini aliamini? Kwa sababu kichwani mwake zilikuwapo hali mbili tu, mbele na nyuma. Hali ya tatu, ya kusimama, hakupata kufundishwa na mtu. Na hapa, ndugu msomaji, ndipo hasira yangu inapoondoka kwa kijana na kwenda mbali zaidi.

Maana kijana yule si peke yake. Hiyo ndiyo nchi. Nenda na barua yako katika ofisi yoyote kuanzia Samora mpaka Kivukoni, uulize imefikia wapi. Utaambiwa linashughulikiwa. Lipo mezani? Hapana. Yuko mtu anayelifanyia kazi wakati huu mahali pengine? Hapana. Limefunikwa pembeni, na mvuke unatoka kidogo. Neno hili "linashughulikiwa" ndilo kifuniko cha sufuria iliyoepuliwa. Nasema ni neno baya kuliko "hapana". Ukiambiwa hapana, utakwenda kutafuta jiko jingine. Ukiambiwa linashughulikiwa, utakaa chini ungoje, na huyo anayekujibu huenda hadanganyi: huenda yeye mwenyewe anaamini kwamba kwa kuwa sufuria ipo, basi inachemka.

Tena yako mafaili yaliyopelekwa nyuma kwa haki kabisa, yakasimama yenyewe. Katika sheli, kazi ya nyuma ikihitaji kukuuliza neno moja kwenye kibodi, haiwezi, kwa kuwa kibodi iko mikononi mwa kazi ya mbele. Basi inasimama, inangoja uiite mbele na kuijibu. Je, si ndivyo lilivyo faili linalohitaji sahihi moja ya mkubwa, na mkubwa yuko kikaoni? Tofauti ni moja tu. Ukibonyeza kitufe cha kuendelea, sheli hukutolea taarifa kwamba kazi namba fulani imesimama kwa kutaka neno kutoka kwako. Karani wetu hatoi taarifa. Anangoja aulizwe, na akiulizwa anasema linashughulikiwa.

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanalijua jambo hili zamani. Simama katika duka la vitenge, Mtaa wa Kongo au Mtaa wa Narung'ombe, siku ya Jumamosi. Muuzaji ana mteja mmoja mbele yake. Winga amekwenda duka jingine kutafuta rangi iliyokosekana. Mzigo wa mteja wa Mbeya unafungwa kamba stoo. Mteja wa nne kaacha fedha za awali na kusema atarudi. Mzigo wake umewekwa kando, umesimama. Muuzaji mzuri ukimwuliza ghafla atakutajia yote manne, kila moja na hali yake. Hatachanganya mzigo unaofungwa na mzigo unaongoja mwenyewe, kwa sababu akichanganya atapata hasara jioni hiyo hiyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Amri ya jobs si kitu kingine ila daftari hilo.

Wako wanaonijibu kwa methali nyingine: mshika mawili moja humponyoka. Wanasema dawa ni kufanya jambo moja tu kwa wakati mmoja. Naiheshimu methali hiyo, lakini inasema juu ya mkono, haisemi juu ya jiko. Mama ntilie hashiki sufuria tatu. Anashika moja, ya pili kaikabidhi moto, na ya tatu anajua kwamba hakuikabidhi kitu. Hekima iko katika kujua kipi umekikabidhi na kwa nani. Mbele ni pa mmoja tu, kama vile nahodha ni mmoja. Karani anayemhudumia mwananchi huku anajibu simu yake ya mkononi hana kazi mbili mbele, hana hata moja.

Nije kwa wapinzani wangu wakubwa zaidi. Wa kwanza ni vijana. Wanasema, "Mzee, kioo cheusi kimepitwa na wakati, siku hizi ni kugusa tu." Nawajibu: hicho mnachokigusa ndicho hicho hicho. Simu nyingi mlizonazo mifukoni ni za Android, na chini ya Android ipo Linux. Programu unayoitazama ipo mbele. Nyingine ziko nyuma, baadhi zinakula bando lako bila wewe kujua, na nyingine zimesimamishwa ili betri isiishe. Ile picha uliyoituma ikakwama nusu, ukaweka simu mfukoni ukiamini inakwenda, ni dada yake rejesta zangu. Tena kompyuta nyingi zinazobeba mitandao mnayoipenda huendeshwa kwa maandishi, kwa kioo cheusi hicho hicho. Ukimfundisha kijana kugusa tu, umemfundisha kuwa mteja.

Wa pili ni wale wasemao kwamba mambo haya hayafundishiki kwa Kiswahili. Hawa ndio walionifanya niandike. Wanasema Kiswahili hakina maneno, na kwamba hata kompyuta yenyewe hatujakubaliana iitwe tarakilishi au ngamizi. Sina ugomvi na maneno hayo. Mimi nasema kompyuta na kila mtu ananielewa. Lakini hoja yao ni dhaifu. Wanadhani amri za sheli ni Kiingereza. Nani katika mtaa wa London anasema fg? Nani anasema bg? Mchukue Mwingereza asiyesomea mambo haya, mwandikie nohup, umwulize maana yake. Atakutazama kama utakavyonitazama wewe. Naye lazima afundishwe. Tofauti ni kwamba yeye atafundishwa kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake, na kijana wetu atafundishwa kwa lugha anayoikariri kwa ajili ya mtihani.

Chukua hiyo nohup, uone jinsi inavyoeleweka kwa urahisi. Zamani mtu aliweza kuitumia kompyuta kubwa akiwa mbali, kwa waya wa simu. Simu ikikatika, kompyuta ilihesabu kwamba mtumiaji ameondoka, ikazipelekea kazi zake ishara ya kukatika kwa simu, nazo zikafa. Ukianza amri yako kwa nohup, umeiambia kazi hiyo: usikie simu imekatika, usijali, endelea. Sisi wa umri wangu tuliopiga simu za mikoani wakati wa Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa katika miaka ya 1990, hatuhitaji kuelezwa mara mbili maana ya simu kukatika. Na kijana wa leo anayeishi na umeme unaokatika haelewi? Anaelewa vizuri sana. Tatizo si Kiswahili. Tatizo ni uvivu wa sisi tunaojua kidogo, tunaopenda kujificha nyuma ya maneno ya kigeni ili tuonekane tunajua sana.

Tena vitu hivi havikushuka kutoka mbinguni. Mfumo wa Unix ulianzishwa mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani, na Ken Thompson na Dennis Ritchie. Kazi ya nyuma kwa alama ya & ilikuwapo mapema, lakini kuihamisha kazi iliyokwisha anza, kuisimamisha na kuirudisha, kulikuja baadaye, katika sheli ya Bill Joy wa Berkeley; na aliyeifanya kazi hiyo alikuwa Jim Kulp, katika taasisi moja ya utafiti huko Laxenburg, Austria. Kwa nini alihangaika? Kwa sababu binadamu hubadili nia katikati ya kazi, na mashine haikumruhusu. Linux ikaanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, ambaye lugha ya kwao ni Kiswidi. Kiingereza si lugha ya mama yake, lakini hakuna aliyemwambia kwamba Kiswidi hakina maneno.

Na sisi tulikuwa wapi? Kompyuta ya kwanza iliingia nchini mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta. Wakati wenzetu wanahangaika na mbele na nyuma, sisi tulikuwa tumeepua sufuria nzima. Sisemi waliokataza walikuwa wajinga. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na mengine yalitangulia. Nasema tu kwamba tulichelewa kuirudisha motoni.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili. Ikadhihirika kwamba inawezekana. Jiulize ni vyuo vingapi vya ualimu vilivyoitumia. Changu hakikuitumia, na mkuu wake nilikuwa mimi.

Hapo, ndugu msomaji, nifike kwenye kosa langu. Kompyuta zilipoletwa chuoni kwetu katikati ya miaka ya 2000, nilizifunika vitambaa, nikafunga chumba kwa kufuli, na ufunguo nikautunza mimi. Niliogopa zisiharibike. Wanachuo waliingia saa moja kwa wiki, wakasimama watatu watatu nyuma ya kiti kimoja, wakaandika katika madaftari yao maana ya kompyuta na sehemu zake kuu. Tukawapa mtihani wa kutaja sehemu hizo, wakafaulu, tukafurahi. Walimu hao ndio waliokwenda kufundisha vijana. Yule kijana wa Posta alikuwa na cheti kizuri cha kompyuta. Nilikiona kimetundikwa ukutani. Kwa hesabu ya umri wake, huenda alifundishwa na mtu niliyemfundisha mimi. Ndiyo maana sikumtukana siku ile, wala simtukani leo. Alijifunza kwangu kwamba neno la Kiingereza linaloandikwa na mashine ni la kukariri, si la kuelewa.

Na suala lenyewe la lugha ya kufundishia liko wapi? Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilitoa taarifa yake mwaka 1982 na kupendekeza Kiswahili kifundishie sekondari. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikakitaja tena Kiswahili kama lugha ya kufundishia katika ngazi zote. Mpaka leo naandika, sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza. Ukiuliza, utajibiwa kwamba jambo hili linashughulikiwa. Mimi nauliza kwa lugha ya sheli: liko mbele? Liko nyuma, na yuko anayelifanya? Au mtu alibonyeza Ctrl na Z mwaka 1982 akaenda kuandika barua nyingine?

Sipendi mtu anayelalamika bila kusema anataka nini, kwa hiyo nasema. Nataka vyuo vya ualimu vifundishe kioo cheusi, kwa Kiswahili, na mwanachuo akae mwenyewe kwenye kibodi, aanzishe kazi tatu, asimamishe moja, aitaje hali ya kila moja, aikamilishe. Huo ndio uwe mtihani. Nataka anayepewa kazi ya kutunza kumbukumbu za watu asiruhusiwe kufuta chochote kabla ya kuhesabu nakala mbele ya shahidi. Na nataka neno "linashughulikiwa" liondolewe katika majibu ya ofisi, badala yake mwananchi aambiwe moja kati ya matatu: liko mbele ya fulani, linaendelea nyuma na litakamilika siku fulani, au limesimama, na linangoja kitu fulani. Hayo hayahitaji fedha za wafadhili.

Wako watakaosema mzee amezeeka, anachanganya mambo ya kompyuta na mambo ya ofisi na mambo ya chapati. Wacha waseme. Mimi nimekaa na yule mama wa Kilosa katika benchi, ana bahasha mkononi, anasubiri kwa utulivu kitu ambacho hakikuwa kikipikwa. Alipoondoka mara ile ya pili alinishika mkono akasema, "Mwalimu, wamesema linaendelea." Nami, niliyemfundisha kusahihisha makosa ya watoto, sikuwa na ujuzi wa kumsahihisha.

Sasa ninao. Nawe pia unao. Siku utakaposimama mbele ya dirisha la ofisi na kuambiwa jambo lako linashughulikiwa, usiondoke. Uliza kwa adabu: iko motoni, au imeepuliwa?